Hadithi Tatu za Shamba la Birongo

Karibieni kitandani, wanangu, na mlango mniachie wazi mwanga uingie, kwa maana nataka kuziona nyuso zenu ninaposema. Okemwa, mwanangu wa kwanza, keti hapo mbele yangu. Abner, keti karibu na mkeo. Esnah, wewe kaa nyuma yangu unishike mgongo, kwa sababu kikohozi hiki kikinijia hakiniachi nikae wima. Leo nitasema kwa Kiswahili na si kwa Ekegusii, msione ajabu. Margret ametoka kwao ziwani akaolewa hapa, na kwa miaka mitatu amekaa katikati ya mazungumzo yetu akiokota nusu ya neno ambayo Abner anakumbuka kumwambia. Maneno ya leo yanamhusu, na wosia hautafsiriwi. Anayehusika na ausikie kwa masikio yake.

Aliyowaambia daktari pale mlangoni niliyasikia, na wala sina hofu. Huu mwaka wa sabini na nane nilianza kuuangalia ulipokuwa bado mbali, na mambo yangu mengi yako tayari. Machache yaliyobaki ndiyo haya, na moja kati yake litamuudhi mmoja wenu. Naomba asinyanyuke mpaka nimalize.

Ninyi mnanijua kama mwanamke aliyepanda majani chai wakati wengine wanacheka. Hamjui nilijifunzia wapi. Mwaka wa sitini na nne baba yenu Nyasani alianguka kutoka juu ya kanisa wakati wa kuezeka mabati, akavunjika mguu. Chama cha wakulima wa Birongo kilikuwa kimemchagua kwenda kusoma wiki mbili katika chuo cha wakulima karibu na mji wa Kisii, nafasi ilikuwa moja, na asingeitumia ingepotea. Akaniambia, "Mama Okemwa, nenda wewe. Ukae kimya, usikilize, uniletee yote watakayosema." Nilikwenda, nikasikiliza. Kukaa kimya ndiko kulikonishinda.

Walitufundisha samadi, na mitaro ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji, na kuogesha ng'ombe kwa ajili ya kupe. Lakini alikuwako mwalimu mmoja, Bwana Owino, mtu mrefu wa kutoka ufuoni mwa ziwa, ambaye somo lake halikuwa na jembe wala ndoo. Yeye alifundisha namna ya kujiandaa na miaka ambayo bado haijafika. Siku ya kwanza alimuuliza mzee mmoja wa Marani, "Baada ya miaka kumi, shamba lako litakuwa na nini?" Mzee akajibu, "Hilo Mungu ndiye ajuaye." Watu wakaitikia amina. Owino akasema kwa upole, "Ni kweli, mzee. Hata mvua ni Mungu ajuaye, lakini wewe unalima kabla haijanyesha."

Kisha akatueleza alivyofika kwenye kazi hiyo. Alikuwa karani katika bohari ya reli, na kazi yake ilikuwa kukadiria mabehewa yatakayohitajika kubeba pamba na mahindi ya miaka inayokuja. Alisifiwa kwa kazi hiyo. Lakini ilipokuja ile mvua kubwa ya mwaka wa sitini na moja, ziwa likapanda mwezi baada ya mwezi, likaingia nyumbani kwa mama yake, likakaa humo, halikutoka. Akatuambia, "Niliwakadiria watu wote mizigo yao, na sikuwahi kuwaza maji kufika chumbani mwa mama yangu, kwa sababu tangu nizaliwe yalikuwa palepale." Baada ya hapo aliacha reli, akaanza kuwafundisha wakulima.

Alitufundisha hivi. Ukitaka kuamua jambo la miaka mingi, usiamue kwa hadithi moja. Simulia tatu. Katika ya kwanza mambo yanakwenda unavyotarajia. Katika ya pili kile unachokitegemea kinavunjika. Katika ya tatu kinakuja kitu ambacho hakuna aliyekiita. Zisimulie zote kama zimekwisha kutokea, utaje majina ya watu na ya vipande vya shamba, mpaka tumbo lako lisikie. Ukimaliza, usipoteze muda kubishana ni ipi ya kweli. Uliza ni kazi gani ukiifanya leo itakufaa katika zote tatu, na hiyo ndiyo uifanye kwanza. Halafu tembea ukiangalia mambo madogo, kwa maana dalili ya mvua ni mawingu, na wingu huanza dogo. Na kama kuna mahali unataka ufike, simama pale mwisho kwa mawazo, kisha urudi nyuma hatua kwa hatua mpaka miguu yako ya leo. Nilimfikiria Yusufu kule Misri. Yeye alionyeshwa kwa ndoto ya mfalme miaka saba ya shibe na saba ya njaa, akajua. Sisi hatukuonyeshwa, kwa hiyo inatupasa kubeba mizigo ya njia zote.

Niliporudi nilimsimulia baba yenu akiwa amelala na mguu wake umefungwa vipande vya mbao. Ndugu yake Nyangau, baba yenu mdogo, alikuwapo. Nyangau akasema, "Hiyo ni ramli. Wametuma mke wa Mkristo akasomee uganga." Neno likaenda mbio mpaka likamfikia mzee wa kanisa, Angwenyi, naye akaja na Biblia yake chini ya kwapa kuniuliza. Nikamjibu, "Mzee, mpiga ramli hukuambia jambo moja na kuapa kwamba litakuja. Mimi nina mambo matatu, na sijui hata moja kama litakuja. Ninachojua ni kuweka wimbi la uji ghalani." Angwenyi akakaa kidogo, akacheka, akaomba uji. Tangu siku ile hakuna aliyeniita mganga mbele yake.

Wakati huo Birongo yote ilikuwa nyeupe kwa maua ya pareto, yale ya dawa ya wadudu. Watu waling'oa ndizi, wakang'oa hata viazi vya watoto, wapande pareto. Nami nikaanza kuangalia mambo madogo kama nilivyofundishwa. Mnunuzi aliyekuwa akipokea kila gunia akaanza kuingiza mkono na kuchambua. Lori lililokuja mara mbili kwa wiki likaja mara moja. Na karani wa mizani, aliyekuwa akijijengea nyumba ya mawe pale Keumbu, akaacha kujenga ukuta ukiwa kiunoni, nyasi zikaota katikati ya mawe yake. Nikamwambia Nyasani, "Mtu anayekaa karibu na chungu ndiye anayejua kama kimekauka." Tukasimulia hadithi zetu tatu, yeye na mimi, na zote zikatuambia tusiwe na zao moja. Tukapanda majani chai kwenye mteremko, ndizi zikabaki, wimbi likajaa ghalani, na pareto ikaachiwa kipande kimoja tu. Chai ile ilitukalisha miaka mitatu bila jani la kuuza. Nyangau alisimama njiani, watu wakisikia, akasema, "Mke wa kaka yangu amepanda vichaka. Anangoja mbuzi waje wavune."

Maneno yale yaliniingia kama mwiba, nami sikuung'oa. Hapa ndipo mnisikilize vizuri, kwa sababu sasa nasema jambo ambalo sijamwambia mtu.

Mwishoni mwa mwaka wa sitini na sita yule karani aliniita pembeni ya mizani akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mwezi ujao usichume. Lori halitakuja tena kituo hiki." Nikamshukuru, nikarudi nyumbani, nikapita mlangoni kwa Nyangau. Alikuwa uani na mkewe na watoto wakianika maua, mikeka imejaa mpaka njiani. Mwanawe Manasseh alikuwa hapo, na mwaka ule ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani mwake, na Nyangau alikwisha kutangaza kwamba maua hayo ndiyo yatakayompeleka sekondari. Nyangau akanisalimu kwa utani wake uleule, "Vichaka vinaendeleaje, shemeji?" Nikasema, "Vinaendelea." Nikapita.

Lori halikuja. Maua yalioza ndani ya nyumba mpaka wakalala nje kwa harufu. Manasseh hakuenda sekondari. Alikwenda Kericho kuchuma chai ya watu wengine, na mpaka leo anachuma.

Niliona mbali, nikanyamaza. Mwalimu Owino alinifundisha kuona. Kunyamaza nilijifundisha mwenyewe.

Nipe maji, Esnah. Kidogo tu.

Mwaka wa sitini na tisa baba yenu akafa, ninyi mnakumbuka, homa ya siku nne. Na hapo nikajua kosa kubwa katika hadithi zangu zote. Ndani yake nilikuwa nimeweka lori, na mvua, na mdudu wa ndizi, na hata mawe ya barafu ambayo baadaye yalikuja yakachana chai yetu kama nguo kuukuu, lakini katika kila hadithi Nyasani alikuwa hai. Nilimweka tu, kama Owino alivyoliweka ziwa lake palepale. Siku arobaini nilikaa kama mtu aliyepigwa kichwani. Kisha nikazisimulia upya, zote tatu, mimi mjane na ninyi wadogo, kwa kuwa habari ilikuwa imefika kwamba wapima ardhi wanakuja, na kila shamba litaandikwa jina la mtu.

Nikasimama mwishoni. Siku kamati ya mashamba itakapokuja, nataka kila mzee aseme mpaka ni hapa. Ili waseme hivyo, lazima wawe wameuona. Ili wauone vizuri, lazima waupite kwa miguu wakati hakuna ugomvi. Na wakati usio na ugomvi ulikuwa uleule, kabla watu hawajaingiwa na tamaa ya karatasi. Jumapili moja niliwaita wazee, nikapika kuku na obokima, ugali wetu wa wimbi, tukaupita mpaka wote kutoka kisimani mpaka barabarani, na kila kona tukapanda mti. Nyangau alikuwa nasi. Mti wa kona ya chini aliupanda yeye kwa mkono wake, akaukanyagia udongo.

Miezi mitano baadaye yule karani, akiwa amekunywa, alimwambia Nyangau kwamba mimi nilijua habari ya lori. Kamati ilipofika, Nyangau alisimama akasema shamba la kaka yake liandikwe jina lake, atatushikia mpaka Okemwa akue, na tena mpaka wa chini si ule. Watu wakaguna. Mzee Angwenyi akamwuliza, "Nyangau, mti huu aliupanda nani?"

Nyangau akajibu, "Niliupanda mimi."

"Uliupanda shambani mwako, au mpakani?"

"Mpakani."

Mpimaji akagonga kigingi, na shamba likaandikwa jina langu. Ningeweza kuishia hapo na kuwaambia ninyi kwamba nilishinda. Lakini watu walipotawanyika Nyangau alinifuata mpaka kwenye migomba, na hakuwa na hasira tena, akaniambia, "Uliona mbali ukanyamaza. Mwanangu anachuma chai ya watu." Nikajiambia nitamjibu siku nyingine, na siku nyingine ikawa miaka sita, akafa mwaka juzi sijamjibu. Majuto ni mjukuu, wanangu, naye wangu amezeeka mikononi mwangu.

Basi shikeni ninayoyaagiza.

Shamba hili ni ekari saba. Okemwa, una wana watatu. Abner ana mmoja, na Mungu akipenda atapata wengine. Simameni katika mwaka wa elfu mbili mwangalie nyuma. Mkiligawa kwenu, nao wakiligawa kwao, kila mjukuu ataambulia kipande cha kuanikia nguo, na ndugu wataumizana kwa panga kwa ajili ya mgomba mmoja. Nimewaona watu wa ng'ambo ile ya mto wakianza. Kwa hiyo shamba halikatwi. Litalimwa likiwa moja, Okemwa akiisimamia chai na Abner akizisimamia ndizi, hata kama yuko mjini kwenye kazi yake ya posta. Nyumba zijengwe zote upande wa mawe, zikaribiane, pasipofaa kulimwa. Na watoto wote wasome, wa kiume na wa kike, wajifunze kazi ambazo haziombi ekari.

Esnah, mwalimu wangu, hukuolewa na wengi wamekusema kwa hilo. Kiwanja cha Keumbu chenye vyumba viwili vya duka ni chako. Nilikinunua kwa chai ya miaka miwili nikiwa nimekukusudia wewe, na jina lako limekwisha kuandikwa. Asikuulize mtu.

Cheti cha shamba kimo ndani ya kopo la majani chai chini ya kitanda hiki. Margret, binti yangu, utakishika wewe. Najua unashtuka, nami naona Okemwa ameinua kichwa. Nimesimulia hadithi zangu, na katika zote niliona kwamba ndugu wawili wakishika karatasi, siku moja mmoja ataipeleka kwa mnunuzi au kukopea, mwenzake akiwa hayupo. Wewe huna ukoo hapa wa kukuvuta kulia wala kushoto. Anayetaka cheti atakuja kwako, nawe utamwambia, "Nenda ulete wenzako." Hayo tu. Unaweza?

Umeitikia kwa Ekegusii. Nimesikia. Kumbe unajua zaidi ya tulivyodhani.

Sasa Okemwa. Unataka kung'oa ndizi upande kahawa, kwa sababu ya watu walioezeka mabati mapya mwaka jana. Sikukatazi. Mimi pia nilikatazwa nikapanda. Lakini umenijia na hadithi moja, ile tamu. Nisimulie ile ambayo bei imeanguka na wanao watatu wanaomba chakula. Nisimulie na ile nyingine ambayo hata mimi siijui. Ukiziweka zote tatu mbele ya ndugu zako, na kahawa bado inasimama, ipande, na usitazame nyuma. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kwanza, mketi pamoja mfanye hivyo, na wake zenu wawepo, na watoto waliofikia akili wawepo. Na katika mojawapo ya hadithi, mmoja wenu awe hayupo. Msione ni uchuro. Ni adabu kwa walio hai.

Na hili ndilo la mwisho, lile nililosema litaudhi. Kipande cha chai cha kona ya chini, nusu ekari, karibu na kisima, ni cha Manasseh mwana wa Nyangau. Si cha kuazima. Nimekwisha kumwambia Angwenyi, na mzee yule bado ana akili zake zote. Atasimama nanyi mkienda kukikata.

Najua, Okemwa. Ndiyo chai bora. Nimesema shamba halikatwi, na sasa nakata. Hicho hakikuwa chetu tangu siku niliyosema "vinaendelea" nikapita. Ukitoa kitu kibaya kulipia kosa, umefanya makosa mawili. Na tena angalia mbali kidogo, mwanangu: wanao na wanawe wanakunywa kisima kimoja. Ukimwacha na kinyongo, utajenga ukuta mrefu kuliko nusu ekari.

Utakwenda wewe mwenyewe, usimtume mtu. Umwambie niliyowaambia, yote, hata sehemu yangu mbaya. Nakuuliza mbele ya ndugu zako.

"Nimekusikia, mama."

Sikuuliza kama umenisikia.

"Nitakwenda. Jumapili nitapanda gari mpaka Kericho, nimlete mwenyewe aone mipaka."

Vema. Vema, mwanangu. Sasa hata kifua... kimekuwa chepesi.

Nizikeni kando ya Nyasani, msinipangie mbali. Siku ya Sabato msichimbe. Watu wasikae kwenu wiki nzima wakila ghala. Wimbi lile lina kazi yake. Esnah, nishike. Nilaze taratibu.

Mungu wa baba yenu awatangulie kwenye miaka ambayo mimi sitaiona. Awape kuona, na mkiona, awape kinywa cha kusema. Binti wa ziwani, na wewe... uzae, uzeeke hapa. Mikono yenu ishike. Isiachane.

Nigeuzeni nielekee ukutani. Hapo. Msinyamaze kwa ajili yangu. Zungumzeni... zungumzeni habari za shamba. Nataka kulala nikiwasikia.